Moyo Ndani ya Sanduku: Somo la Maadili juu ya Kuhifadhi na Kusafirisha Moyo wa Kupandikizwa



Wapendwa mafrateri na waamini wa parokia zetu, somo letu la maadili ya tiba safari hii linahusu jambo ambalo wengi wetu hatujaliona kwa macho, lakini linaamsha swali la zamani sana: mtu amekufa lini? Tunazungumzia moyo wa marehemu unaotolewa kifuani, kuwekwa ndani ya sanduku, kusafirishwa kwa gari au kwa ndege, na kupandikizwa katika kifua cha mgonjwa mwingine. Tumelichagua kwa sababu katika miaka kumi hivi iliyopita namna ya kuhifadhi moyo huo imebadilika sana, na mabadiliko hayo yana uzito wa kimaadili ambao vitabu vingi vya darasani bado havijaugusa.

Kutoka chumba hadi chumba, kutoka kisiwa hadi bara

Moyo wa kwanza wa binadamu kupandikizwa haukusafiri kabisa. Ilikuwa tarehe 3 Desemba 1967, katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Denise Darvall, msichana wa miaka 25, alikuwa amegongwa na gari na ubongo wake ukaumia vibaya. Baba yake alikubali moyo wa binti yake utolewe. Dr. Christiaan Barnard na wenzake waliutoa katika chumba kimoja cha upasuaji wakaupeleka chumba cha jirani, alikokuwa amelazwa Louis Washkansky. Washkansky aliishi siku 18, kisha akafa kwa nimonia, kwa kuwa dawa za kuuzuia mwili usiukatae moyo mgeni zilikuwa zimedhoofisha kinga yake. Bara letu, basi, lina sehemu yake katika historia hii tangu siku ya kwanza.

Sasa tulinganishe na Januari 2024. Moyo ulitolewa katika visiwa vya Karibi vilivyo chini ya Ufaransa, ukavushwa Bahari ya Atlantiki kwa ndege ya abiria, ukapandikizwa katika hospitali ya Pitié-Salpêtrière, Paris. Ulikaa nje ya mwili kwa muda wa saa 12. Ukauliza kwa nini hilo ni jambo kubwa, jibu ni kwamba kwa zaidi ya nusu karne madaktari walikuwa wakihesabu saa 4 tu.

Kwa nini muda wa saa 4?

Msuli wa moyo haupumziki, na kwa hiyo unakula oksijeni nyingi. Mara damu inapokatika, seli zake zinaanza kutengeneza nguvu bila oksijeni, tindikali inajaa ndani yake, zinavimba, kisha zinaanza kufa. Dawa ya zamani ni baridi. Daktari humimina katika mishipa ya moyo maji maalumu yenye potasiamu nyingi, moyo unasimama umelegea, kisha unawekwa katika mifuko yenye maji baridi na kufunikwa kwa barafu ndani ya sanduku, si tofauti sana na lile la muuza samaki. Kwenye nyuzi 4 za Selsiasi kazi ya seli hupungua hadi karibu sehemu moja ya kumi. Hupungua tu, haikomi. Kwa hiyo njaa ya seli inaendelea polepole, na barafu ikigusa nyama moja kwa moja inaiunguza kwa baridi.

Figo inaweza kukaa hivyo kwa siku nzima na zaidi. Tena ikichelewa kuamka baada ya kupandikizwa, mgonjwa anaweza kusaidiwa kwa mashine ya kusafisha damu kwa siku kadhaa. Moyo hauna nafasi hiyo, kwa kuwa mara tu damu inapofunguliwa unatakiwa kubeba mwili mzima. Ndiyo maana mgonjwa anayesubiri hutiwa usingizi na kuanza kupasuliwa wakati moyo bado uko njiani, na ndege ikichelewa kila mtu chumbani anaangalia saa.

Muda huo mfupi uliamua pia nani apate. Mgonjwa aliye mbali na hospitali kubwa alikuwa nje ya duara. Mioyo mizuri iliyotolewa visiwani au katika miji ya pembezoni haikutumika, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuipokea ndani ya saa zile.

Masanduku ya siku hizi

Njia mpya ziko mbili, na ni vema tuzielewe kwa sababu swali la maadili linaziangalia kwa macho tofauti.

Ya kwanza ni ya joto. Kampuni ya Marekani iitwayo TransMedics ilitengeneza mashine inayouweka moyo katika hali ya karibu na ile ya mwilini. Zaidi ya lita moja ya damu ya mtoaji inachukuliwa, inachanganywa na dawa na chakula cha seli, inatiwa oksijeni, inapashwa joto na kusukumwa kwenye mishipa ya moyo wenyewe. Moyo unadunda ndani ya sanduku la plastiki safi. Madaktari wanaweza kuutazama na kupima damu inayotoka, waone kama unapona au unadhoofika. Mwaka 2014 madaktari wa hospitali ya St Vincent's, Sydney, waliitumia mashine hiyo kupandikiza mioyo iliyokuwa imekwisha kusimama ndani ya kifua cha marehemu, kitu kilichokuwa kwa sehemu kubwa kimeachwa tangu siku za Barnard. Ila gharama yake ni kubwa, makumi ya maelfu ya dola kwa moyo mmoja.

Ya pili ni ya baridi, lakini si baridi ya barafu. Ilitokana na kazi ya Profesa Stig Steen wa Lund, Sweden. Moyo umesimama, umezamishwa katika maji ya nyuzi 8, na pampu ndogo inasukuma polepole majimaji yenye oksijeni na chembe nyekundu za damu ndani ya mishipa yake. Seli zinalala, lakini zinalishwa. Katika majaribio ya nguruwe moyo ulidumu hivyo kwa saa 24. Huko Australia na New Zealand, nchi zenye umbali mrefu kama wetu, mioyo ya binadamu ilihifadhiwa kwa zaidi ya saa 6, mingine ikifika karibu saa 9. Ule uliovuka Atlantiki ulisafiri kwa njia hii.

Roho inanidunda

Hapa tusimame kidogo, kwa maana lugha yetu inaweza kutuchanganya. Mswahili akiogopa husema roho inamdunda, wakati kinachodunda ni moyo. Tunasema huyu ana moyo mwema, yule ana moyo wa jiwe, fulani amekufa moyo. Basi muumini akiona picha ya moyo unaocheza ndani ya sanduku, ni haki yake kuuliza: huyo mtu hajafa, si moyo wake unapiga? Na mwingine atauliza kama anayeupokea anapokea pia tabia ya marehemu, au hata imani yake.

Moyo una sehemu yake ndogo, juu upande wa kulia, inayozalisha mapigo bila kungoja amri ya ubongo. Ukilishwa oksijeni na joto utapiga, uwe kifuani au sandukuni. Hata baada ya kupandikizwa, neva zilizokatwa haziungwi na daktari, na ndiyo maana moyo uliopandikizwa kwa kawaida hupiga haraka kuliko wa mtu mzima wa afya aliyepumzika, na hukawia kuitikia mtu anapopanda ngazi. Uhai wa kiungo ni kitu kimoja, na uhai wa mtu ni kingine. Mtu ni umoja wa mwili na roho, na kifo ni kuvunjika kwa umoja huo. Mtakatifu Yohane Paulo II, alipozungumza na wataalamu wa upandikizaji huko Roma tarehe 29 Agosti 2000, alieleza kwamba kutengana huko kwa roho na mwili hakuna chombo kinachoweza kukupima. Sayansi inapima dalili tu zinazofuata. Kutokana na dalili hizo tunaweza kupata uhakika wa kimaadili, yaani uhakika unaomtosha mtu mwadilifu kutenda.

Kwa hiyo moyo unaodunda sandukuni si mtu aliyefungiwa. Vilevile hatuwezi kusema kwamba moyo uliosimama kwa sekunde chache kifuani ni ushahidi tosha kwamba mtu amekwenda.

Kuthibitisha kifo kabla ya kutoa moyo

Kanisa halina shida na zawadi yenyewe. Katekisimu katika namba 2296 inaihesabu kuwa tendo jema na la kusifiwa, kwa masharti, na waraka Evangelium Vitae wa mwaka 1995, namba 86, unaitaja kama mfano wa ushujaa wa maisha ya kila siku. Waraka huohuo, namba 15, unaonya juu ya kuchukua viungo bila kuheshimu vipimo vya kweli vya kifo. Mtoaji awe amekufa kweli, wala asifishwe kwa kutolewa moyo. Kila kitu kingine katika somo hili kinasimama juu ya sharti hilo.

Watoaji wengi wa moyo ni watu ambao ubongo wao umekufa huku mashine ikiwapumulia na moyo ukipiga. Katika hotuba ile ya mwaka 2000 Papa alisema kwamba kukoma kabisa na bila kurejea kwa kazi zote za ubongo, yaani ubongo mkubwa, ubongo mdogo na shina la ubongo, kipimo hicho kikitumika kwa ukali unaotakiwa, hakionekani kupingana na ufahamu sahihi wa binadamu. Tusisitize neno ukali. Wako madaktari na wanataalimungu Wakatoliki wanaohoji kama vipimo vinavyotumika katika baadhi ya nchi vinagusa kweli ubongo wote, na hoja yao si ya kudharauliwa.

Mtoaji wa namna nyingine ndiye aliyerudishwa na masanduku mapya. Huyu ni mgonjwa asiye na tumaini la kupona, ambaye ubongo wake haujafa wote, na familia pamoja na madaktari wameamua kuondoa mashine inayomlemea bila faida. Kuondoa huko kunaweza kuwa halali. Papa Pio XII aliwafafanulia madaktari wa usingizi tarehe 24 Novemba 1957 kwamba hakuna wajibu wa kutumia njia zisizo za kawaida, na katika hotuba hiyohiyo aliwaachia madaktari kazi ya kueleza ni wakati gani hasa kifo kimetokea. Mashine inaondolewa, moyo unasimama wenyewe, madaktari wanangoja, kisha wanatangaza kifo.

Wanangoja dakika ngapi? Katika nchi nyingi ni 5. Idadi hiyo ina msingi: utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofuatilia wagonjwa 631 huko Kanada, Jamhuri ya Czech na Uholanzi, ulionyesha kwamba moyo huweza kusimama kisha kupiga tena wenyewe kidogo baada ya mashine kuondolewa, na kimya kirefu zaidi kilichoonekana kabla ya mapigo kurudi kilikuwa dakika 4 na sekunde 20. Italia sheria inadai dakika 20. Palikuwa na wasiwasi kwamba kwa dakika 20 moyo hauwezi kufaa tena, lakini Mei 2023 madaktari wa Padova walipandikiza moyo wa marehemu aliyesubiriwa dakika hizo zote.

Kwa maoni yetu, hapo ndipo faida kubwa ya teknolojia hii kimaadili ilipo. Zamani kila dakika ya kungoja ilikuwa hasara isiyolipika, kwani moyo ulioharibika kwa kukosa damu ungetiwa kwenye barafu na kuharibika zaidi, na hakuna ambaye angejua hadi uingie kifuani kwa mpokeaji. Sasa moyo unaweza kulishwa, kuamshwa na kupimwa nje ya mwili. Muda umepatikana, na sehemu ya kwanza ya muda huo ni deni la anayekufa. Nchi inayopata mashine bora na bado ikashindana kupunguza dakika za kungoja inafanya kinyume cha mambo.

Iko njia nyingine inayotusumbua. Baada ya kutangaza kifo, baadhi ya hospitali haziutoi moyo kwanza. Zinaunganisha mashine na mwili wa marehemu na kurudisha mzunguko wa damu humohumo kifuani, zikiwa zimeibana kwanza mishipa inayopeleka damu kichwani. Moyo unaamka mahali pake, unapimwa, kisha unatolewa. Wanaoitetea wanasema ni rahisi kuliko mashine ya joto na viungo vingi zaidi vinapona, na ni kweli. Lakini swali linabaki: kama mtu alitangazwa amekufa kwa sababu damu imeacha kuzunguka moja kwa moja, tunasemaje pale sisi wenyewe tunapoizungusha tena ndani ya mwili uleule? Na kama amekwisha kufa, kwa nini ni lazima kuizuia damu isifike kwenye ubongo? Mwaka 2021 chama cha American College of Physicians, ambacho si cha Kanisa, kiliomba utaratibu huo usitishwe kwa sababu za namna hii. Sisi tunaona penye njia ya kuuamsha moyo nje ya mwili, hiyo ndiyo ifuatwe, hata kama ni ghali zaidi. Frateri anayefikiri vingine aje na hoja zake darasani. Asije na hoja ya gharama peke yake.

Tuongeze masharti mawili yasiyohitaji maelezo marefu. Uamuzi wa kuondoa mashine ufanywe kwanza, peke yake, kabla mtu yeyote hajataja neno kiungo mbele ya familia. Na daktari anayetangaza kifo asiwe mmoja wa wanaopandikiza. Tena moyo hauuzwi. Papa alisema pia kwamba orodha ya wapokeaji isifuate umri, jinsia, rangi, dini wala hadhi, ila vigezo vya tiba. Sanduku linalovuka bahari linapanua duara la wapokeaji, lakini linaweza pia kuufanya moyo wa maskini wa kisiwani usafiri kwenda kwa tajiri wa mji mkuu, na usirudi hata mmoja. Hilo lisimamiwe kwa sheria, si kwa huruma.

Kwetu hapa

Tanzania haipandikizi mioyo. Figo, ndiyo: Muhimbili ilianza Novemba 2017 na hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata, kwa figo za ndugu walio hai. Vijana wengi wa Afrika Mashariki wanaofikia hatua ya moyo kushindwa kabisa walianza na maumivu ya koo utotoni yasiyotibiwa, yakaleta homa iliyoharibu milango ya moyo. Penisilini ya bei ndogo, ikitolewa mapema katika zahanati ya parokia, inahifadhi moyo vizuri kuliko sanduku lolote tulilolitaja. Tunalisema hili kwa mafrateri hasa, maana wengi watapangiwa parokia zenye zahanati.

Hata hivyo wapo ndugu zetu walio Ulaya, Marekani na Ghuba, na simu hupigwa usiku kumwuliza padre wa nyumbani: tukubali au tukatae? Baadhi wanaogopa kwamba marehemu atazikwa nusu, na siku ya ufufuko atakosa moyo. Mungu anayewafufua waliozama baharini na waliochomwa moto hahitaji kutafuta kipande. Baada ya kutolewa kiungo mwili hushonwa kwa heshima, na Misa ya mazishi huadhimishwa kama kawaida. Wengine wanakataa tu, na kukataa si dhambi. Zawadi isiyoweza kukataliwa si zawadi tena.

Kuhusu sakramenti, Mpako wa Wagonjwa ni wa walio hai. Hivyo padre aitwe mapema, kabla ya vipimo vya mwisho au kabla ya mashine kuondolewa. Akikuta mashaka kama mgonjwa amekufa au la, kanuni namba 1005 ya Sheria ya Kanisa inaelekeza sakramenti itolewe. Pasipo mashaka, awaombee marehemu na wafiwa.

Mwandae pia ndugu kwa namna ya kuagana. Katika utaratibu wa kuondoa mashine, mara nyingi familia inaruhusiwa kukaa hadi moyo usimame. Lakini kifo kikishatangazwa watatakiwa kutoka ndani ya dakika chache, na mwili unaingia chumba cha upasuaji. Mama ambaye hakuambiwa hilo mapema atadhani amefukuzwa kwa mwanawe. Kwa hiyo rozari isaliwe kabla, busu litolewe kabla, na kama kuna wimbo wa kumwimbia uimbwe kabla. Waambiwe vilevile kwamba wakati mwingine moyo hausimami upesi kama ilivyotarajiwa. Ikipita saa moja au zaidi kidogo, kadiri ya utaratibu wa hospitali, mpango wa kutoa moyo unafutwa, sanduku linarudishwa tupu, na mgonjwa anapelekwa wodini kuendelea kutunzwa hadi Mungu atakapomwita. Timu ya upasuaji itaondoka saa hiyo. Padre abaki.